Uliona Nini?

Kiswahili kina neno moja lililotusumbua kabla hata hatujapata darubini: unajimu. Kwa asili halina ubaya. Limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya nyota, na mnajimu angeweza kuwa mtu yeyote anayezisoma. Lakini jaribu leo kusimama kituo cha daladala useme wewe ni mnajimu. Kabla gari halijafika utakuwa umeshaulizwa kama safari ya mtu ina heri. Marehemu Sheikh Yahya Hussein alilivaa neno hilo kwa miaka mingi, likamkaa, na sisi tuliokua tukimsikia hatukulijua kwa maana nyingine.

Tukahamia falaki. Mwalimu alilipenda, akasema lina heshima. Nesi, ambaye kwao ni Tanga, akacheka: kule kuna watu wanaopiga falaki, na hawapigi ili kupima umbali wa sayari. "Elimu ya anga" ikasikika kama utabiri wa hali ya hewa. "Astronomia" ni neno sahihi, limo vitabuni, ila ukilitamka mtaani watu wanakuangalia kama umewatukana kwa Kigiriki. Mwisho tukajiita waangalia nyota, basi, na bado haikusaidia. Kwa miaka sita sasa swali la kwanza la karibu kila mgeni anayepanda kwenye paa letu ni lile lile: "Sasa nyota yangu inasemaje?"

Swali hilo nalijua vizuri kuliko wenzangu. Gazeti langu la kwanza (silitaji) lilikuwa na safu ya nyota kila Jumapili, na safu hiyo iliandikwa na yeyote ambaye Ijumaa mchana hakuwa na kazi. Mimi niliwashika Mizani na Nge kwa miezi mitatu. "Wiki hii kuwa makini na fedha." Nani hapaswi kuwa makini na fedha? Wasomaji walipiga simu kushukuru.

Mwalimu nilikutana naye Rujewa, wilayani Mbarali, Septemba 1, 2016, siku jua lilipopatwa kipete. Kupatwa kwa namna hiyo hutokea mwezi ukiwa mbali kidogo na dunia: hautoshi kulifunika jua lote, unaacha pete ya moto pembeni. Nilikuwa nimetumwa na chumba cha habari. Watu walikuwa wengi, wenye miwani maalumu na wenye kuazimana miwani maalumu, na kando yao kulikuwa na mzee mmoja ameinamia boksi la viatu lililotobolewa tundu dogo. Jua lilipita kwenye tundu likajichora kwenye karatasi nyeupe ndani ya boksi, pete ndogo kabisa, nzuri kama ya kuvaa. Nikamwomba mahojiano. Akasema, "Kwanza wewe. Uliona nini?" Nikamwambia nimeona pete. "Saa ngapi?" Nikamtajia hadi dakika, maana nilikuwa naandika. Akalichungulia daftari langu, akatikisa kichwa taratibu. "Wewe utafaa," akasema.

Kufaa kwa kazi gani, hakusema. Miaka mitatu baadaye alikuwa amestaafu kufundisha jiografia, amehamia Dar es Salaam kwa binti yake, na akanipigia simu. Oktoba 2019 tukaanza, watu wanne: yeye, mimi, Nesi, na Fundi, ambaye anatengeneza simu Kariakoo na amepanga chumba kwenye nyumba ya ghorofa tatu pale Kinondoni. Paa lilikuwa la nyumba hiyo. Darubini ilikuwa ya kioo, kipenyo cha milimita 130, imeshatumika, imeletwa na shemeji yake Fundi kutoka Dubai ndani ya begi la nguo. Usiku wa kwanza tuliilenga Zohali. Nesi akaweka jicho, akanyamaza, kisha akazunguka mbele ya darubini kuangalia kama kuna mtu amebandika picha.

Anga ya Dar si anga ya kujivunia. Kuna taa, kuna mvuke wa bahari, na vuli ya mwaka ule mvua ilinyesha kama imelipwa. Rafiki yetu mkubwa ni umeme kukatika. Mtaa mzima unasema "aaah!", sisi juu tunasema "haya!"

Kwenye michezo tuna neno zuri kwa watu wa namna yetu. Bondia asiyepigania fedha anaitwa bondia wa ridhaa. Hakuna anayemlipa, hakuna aliyemlazimisha, ameridhia mwenyewe kupigwa ngumi. Sijui kama kuna fani nyingine ya sayansi inayowategemea watu wa ridhaa kama hii. Marekani, mwaka 1911, mwanasheria mmoja aitwaye William Tyler Olcott alianzisha chama cha kuangalia nyota ambazo mwanga wake hupanda na kushuka. Nyota hizo ni nyingi mno na wanasayansi ni wachache mno, kwa hiyo kazi wakapewa watu wa kawaida. Kumbukumbu zao leo zimepita vipimo milioni 50, na sehemu kubwa ya vile vya miaka ya mwanzo vilitoka kwa watu waliokaa kwenye baridi na daftari, wakilinganisha nyota kwa macho.

Mimi nampenda zaidi Victor Buso. Ni fundi wa kufuli wa mji wa Rosario, Argentina, aliyejijengea chumba cha darubini juu ya nyumba yake. Usiku wa Septemba 20, 2016 alikuwa anajaribu kamera mpya. Akalenga galaksi moja, NGC 613, akawa anapiga picha moja baada ya nyingine, sekunde 20 kila moja. Kwenye picha za mwanzo hakuna kitu. Kwenye zilizofuata kuna nukta, na nukta inazidi kung'aa. Nyota ilikuwa inalipuka, mbali mamilioni ya miaka ya nuru, na fundi kufuli alikuwa amenasa mwanzo wenyewe wa mlipuko, kitu ambacho wenye darubini za mabilioni walikuwa wakikisubiri miaka nenda rudi. Mwaka 2018 matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Nature, jina lake likiwa miongoni mwa waandishi.

Ninachokipenda ni alichofanya kabla ya furaha. Hakupiga kelele. Alijiuliza kama ni hitilafu ya kamera, akatafuta mwangalizi mwenzake wa kumsaidia kuthibitisha, ndipo taarifa ikaenda kwa wengine. Ukiifikiria, mtu wa ridhaa hana kitu kingine. Hana cheo, hana maabara, hana barua yenye muhuri. Ana neno lake tu, kwamba "nimeona", na neno hilo ama linaaminika au haliaminiki.

Ndiyo maana Mwalimu alikuja na kaunta buku. Ile kubwa, ya kurasa nyingi, ya kuandikia madeni ya dukani. Akapiga mistari kwa rula: tarehe, saa, hali ya anga, ulichokiona, maoni. Akaweka masharti mawili. Unaandika ulichokiona, huandiki unachokijua. Na hapa juu hatupigi ramli, wala hatuzungumzii ramli, wala hatumtanii mtu kwa ramli.

Safu ya kwanza kutuvuruga ilikuwa ile ya saa. Kuna nyota Waarabu waliiita kichwa cha zimwi, Ras al-Ghul, na ulimwengu umeifupisha kuwa Algol. Ni nyota mbili zinazozungukana, na kila baada ya siku 2 na saa 21 hivi moja inapita mbele ya mwenzake na mwanga unashuka kwa saa kadhaa. Wakati wake unajulikana barabara. Novemba ile Fundi akaandika Algol imefifia, "saa 3". Mwalimu akakaa na hesabu siku mbili, zimwi limefifia saa sita nje ya ratiba yake. Akaanza kuwaza mambo makubwa. Kumbe saa 3 ya Fundi ni saa tatu ya usiku, ya Kiswahili, ambayo kwenye simu yake ni 21:00, na kwa saa ya Greenwich wanayoitumia waangalizi wote duniani ni 18:00. Mwalimu aliisoma kama saa tisa usiku. Tangu siku hiyo safu ya saa ina mstari katikati: kushoto unaandika unavyoongea, kulia Mwalimu anageuza.

Sasa nije kwenye Betelgeuse.

Hiyo ni ile nyota nyekundu kwenye bega la Jabari, yule mwindaji mwenye nyota tatu za mshipi kiunoni. Mwishoni mwa 2019 ilianza kufifia kuliko ilivyowahi kufifia kwa miongo mingi. Kufikia Februari 2020 ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya mwanga wake wa kawaida. Dunia nzima ilikuwa inaitazama, na kulikuwa na uvumi kwamba italipuka kesho. Kwetu ilikuwa bahati, maana haihitaji darubini. Unailinganisha na jirani zake ambao mwanga wao umeshapimwa: Aldebaran daraja la 0.9, Bellatrix, bega la pili la Jabari, 1.6. Namba ikiwa kubwa, nyota ni hafifu. Ukiona Betelgeuse iko katikati ya hizo mbili, unaandika 1.2 au 1.3. Ni kazi ya macho na uaminifu.

Fundi, kwa furaha yake, aliwaambia wateja. Wateja wakawaambia majirani. Ijumaa moja ya mwisho wa Januari, mwezi ukiwa umeandama, tukasikia hodi kwenye mlango wa paa.

Alikuwa mama wa chini, anayeuza chapati na maharage asubuhi. Hapa nitamwita Mama tu. Jina analoitwa pale mtaani ni la mwanawe, mama fulani, kama tunavyoitana, na jina hilo silo langu kulianika. Lakini fikiria: kijana aliondoka 2017 kwenda Afrika Kusini kwa njia za panya, simu yake ya mwisho ilitoka Msumbiji mwaka uliofuata, na kila anayetaka chapati mbili anamwita mama yake kwa jina la huyo huyo.

"Shikamoo Mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Nasikia mnaangalia nyota inayozimika."

"Ndiyo, Mama."

"Ni ya nani?"

Hakuna aliyejibu. Fundi aliacha kutafuna karanga.

Ikatoka yote. Mganga mmoja, wa wale wanaobandika karatasi kwenye nguzo za umeme, alikuwa amemwambia nyota ya mwanawe imefunikwa, ndiyo maana hasikiki. Inasafishika. Ameshalipa laki moja na nusu, zimebaki laki tatu. Na sasa amesikia kwamba kuna watu juu ya nyumba yake wanaiona ikififia kwa macho.

Mwalimu akanivuta pembeni. Ufunguo wa mlango wa paa unakaa kwangu. Tuliafikiana hivyo tangu mwanzo, eti mwandishi wa habari amezoea kuwakatalia watu. "Hili ndilo nililolikataa," akaninong'oneza. "Ukimfungulia huyu, kesho foleni itafika barabarani. Na tutakayemwambia nini? Tukimwambia ukweli tunamvunja, tukinyamaza tumekuwa wasaidizi wa yule tapeli." Hakuwa anasema kwa ukali. Dada yake aliuza shamba kwa mambo ya namna hiyo, nilikuja kujua baadaye.

Nesi alitusikia. "Mwalimu, wodini watu wanakuja na hirizi shingoni. Hatuwafukuzi. Tunaisogeza, tunapima presha."

Nikaamua abaki. Sababu yangu ilikuwa ndogo tu: alikuwa amepanda ngazi za ghorofa tatu kuuliza swali kuhusu nyota, na mle ndani ya kaunta buku hakuna sharti linalosema mtu lazima aje na swali zuri. Nikamwonyesha Betelgeuse. Nikamwambia kwamba mwanga anaouona umetoka kule zaidi ya miaka 500 iliyopita, kabla hajazaliwa yeye, wala mama yake, wala babu wa babu yake.

Akaitazama kwa muda. "Kwa hiyo haijui chochote kuhusu mwanangu."

"Haijui, Mama."

Nilitegemea kilio. Akasema, "Na hii nyingine hapa pembeni?"

"Hiyo inaitwa Bellatrix. Nayo haijui."

"Siulizi hivyo. Nauliza mbona zimelingana."

Hapo Mwalimu aligeuka. Akamsogezea kigoda, akamwonyesha Aldebaran, akamweleza namna ya kulinganisha, na hakumtajia namba yoyote ya siku zilizopita. Mama akafumba jicho moja, akafumbua, akasema Betelgeuse imeizidi Bellatrix, lakini kidogo sana, "kama chapati ya kwanza na ya pili." Mwalimu akaandika 1.5.

Kisha Mama akanyoosha kidole kando ya Aldebaran, kwenye kile kifungu cha nyota ndogo zilizobanana. "Kilimia kile." Hakuna aliyemwambia. Babu yake alikuwa mvuvi na mkulima Rufiji. "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua," akasema, kama mtu anayesoma bei. Mwalimu alifurahi kama mtoto. Akaanza kutueleza jina hilo linavyotokana na kulima, na namna kifungu hicho kinavyopotea kwenye mwanga wa jua na kurudi alfajiri wiki kadhaa baadaye, misimu ikiwa imebadilika.

"Sasa," Mama akamkatiza, "hiyo si ramli? Kutabiri mvua kwa nyota?"

"Hapana, Mama. Hiyo ni kalenda."

"Tofauti yake nini?"

Mwalimu alifikiri. "Kalenda ikikosea, utajua."

Alirudi. Si kila siku, ila alirudi, na baada ya wiki mbili tukagundua jambo. Vipimo vya Fundi vya Betelgeuse vilikuwa vizuri mno. Vilifanana hadi desimali na vile vilivyokuwa kwenye simu yake, vilivyopimwa na watu wa Ulaya na Marekani. Fundi si mwongo. Ila ukishajua kwamba nyota ni 1.6, jicho lako litakuonyesha 1.6. Hili linajulikana kwa waangalizi wa siku nyingi, ndiyo maana wanakatazwa kusoma kipimo cha jana kabla ya kuandika cha leo. Vipimo vya Mama vilikuwa vinayumba, siku nyingine juu, siku nyingine chini, lakini vilikuwa vyake. Yeye hakuwa na bando la kupoteza kwenye habari za nyota. Tukaongeza sharti la tatu: hakuna kutaja namba kabla wote hawajaandika.

Mhariri wangu wa wakati ule alisikia habari hii kwangu mwenyewe, kwenye chai, akaitaka. Alikuwa na kichwa cha habari tayari, cha mama aliyeokolewa na sayansi. Nikamwambia hajaokolewa. Na kweli, mwezi Machi Mama alimaliza kulipa zile laki tatu.

Mwalimu alikasirika, nadhani ni mara pekee nimemwona hivyo. Alimuuliza mbele yetu sote, baada ya yote tuliyozungumza, imekuwaje? Mama alikuwa anapangusa mikono kwenye kanga. Akamjibu bila haraka.

"Nyie mliniambia nyota haijui alipo. Yeye kaniambia yuko hai. Ungekuwa wewe, Mwalimu, hela ungempa nani?"

Nimehoji mawaziri. Sijawahi kuulizwa swali lililonyamazisha chumba namna ile, na hatukuwa hata chumbani.

Kilichofuata hakuna aliyekipanga. Betelgeuse ilianza kung'aa tena. Mwezi Aprili ilikuwa imerudi karibu na hali yake ya kawaida, inawaka upande wa magharibi baada ya magharibi. Wanasayansi baadaye walieleza kwamba nyota ilikuwa imetema wingu kubwa la gesi, gesi ikapoa ikawa vumbi, vumbi likaziba sehemu ya uso wake kwa upande wetu, kisha likatawanyika. Lakini kwa Mama hesabu ilikuwa wazi: amelipa, imesafishwa, imewaka. Yule mganga hata hakuhitaji kusema kitu. Fundi alitaka tumweleze. Mwalimu akakataa. "Mwacheni aandike."

Wakati huo corona ilikuwa imeingia, na tuliacha kukutana. Nesi hakuwa na usiku wa kuchezea. Mwalimu alifungiwa ndani na binti yake. Ufunguo nilimwachia Mama, kwa kuwa alikuwa anakaa pale pale, na kaunta buku pia. Tulipokutana tena, miezi mingi baadaye, nilikuta kurasa zimejaa mwandiko wake wa herufi kubwa zilizoachana. Yeye peke yake hakuwa ameacha. Mei nyota ilipopotelea kwenye mwanga wa jua, aliandika "HAIPO". Agosti aliiona tena mashariki, saa kumi na moja alfajiri, unga ukiwa umeshakandwa. Na ukurasa wa katikati ya Aprili, kwenye safu ya ulichokiona, alikuwa ameandika: "INAWAKA SANA." Kwenye maoni: "SIMU HAIJALIA."

Hakuwahi kuniambia kama alimrudia mganga. Sikumuuliza.

Tumekuwa wengi kiasi sasa. Wako wanafunzi, yuko mzee mmoja wa Kizanzibari anayetufundisha namna ya kuutafuta mwezi mwandamo, na yuko dereva wa bodaboda aliyepanda usiku mmoja anatetemeka, kaona taa nyingi zimefuatana angani kama behewa za treni, akaamini ni kiyama. Wengine walicheka. Mwalimu akampa kalamu: taa ngapi, zimetoka wapi, zimekwenda wapi, saa ngapi. Aliandika vizuri, kuliko mimi nilivyoona waandishi wakifanya. Zilikuwa satelaiti za Starlink, ambazo siku chache baada ya kurushwa husafiri kwa mstari. Alichokiona alikiona kweli. Ni jina tu hakuwa nalo.

Wale wanaouliza nyota yao inasemaje siwarudishi ngazini. Wengi huangalia mara moja, wanapiga picha ya mwezi kwa simu, hawaonekani tena. Wapo wawili watatu waliobaki. Mwalimu bado hapendi, na kila mwaka ananikumbusha kwamba sharti la ramli halijafutwa. Halijafutwa. Tunaliheshimu kwa kutopiga.

Septemba 7, 2025, Jumapili, mwezi ulipatwa wote, na kwa mara moja anga ya Dar ikatutendea haki, wingu lilipita likaenda zake. Paa lilijaa. Watoto wa nyumba nzima walikuwa juu, na Zohali ilikuwa kando ya mwezi, pete zake mwaka huo nyembamba kama uzi. Uwekundu ulipoufunika mwezi wote watu walipiga vigelegele. Mama, ambaye miguu inamsumbua siku hizi na alipandishwa na yule bodaboda, aliomba kaunta buku. Ni la nne sasa.

Mwalimu hupitia kila mstari kabla ya kushuka. Safu ya maoni ni ya mawingu, vumbi, taa za jirani, na Fundi ameshafutiwa utani wake humo mara nyingi kwa wino mwekundu. Nilikuwa nimemshikia tochi. Mama alikuwa ameandika tarehe, saa 2 na nusu, anga safi, mwezi umekuwa mwekundu wote. Kwenye maoni: "NAMBA YAKE BADO HAIPATIKANI."

Mwalimu alisoma. Kalamu nyekundu alikuwa nayo mfukoni, hakuitoa.

"Mama, saa mbili na nusu hii ni ya Kiswahili?"

"Ya Kiswahili, Mwalimu."

Akaandika upande wa kulia: 17:30.